Kasoro na wito wa usalama wa Subaru Impreza

Subaru Impreza ni gari dogo lililoanza kutengenezwa nchini Japani mwaka 1992 na kampuni ya Fuji Heavy Industries, ambayo tangu 2017 inaitwa Subaru Corporation. Matoleo yake ya kasi, WRX na STI, yanajulikana sana Afrika Mashariki kutokana na mbio za Safari Rally: Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza. Mengi yaliyopo Kenya na Tanzania yaliingizwa yakiwa yametumika Japani.

Mifuko ya hewa ya Takata

Kasoro kubwa kuliko zote haikutoka kwa Subaru yenyewe. Kampuni ya Takata iliyauzia makampuni mengi ya magari mifuko ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi. Mfuko hujazwa na kopo la chuma lenye nitrati ya amonia. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali huwaka kwa kasi mno. Kopo hupasuka na vipande vya chuma humrukia mtu usoni na shingoni. Marekani peke yake watu zaidi ya 20 walikufa, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Impreza za miaka ya 2004 hadi 2011 zilizouzwa huko ziliitwa zirudishwe kubadilishiwa kifaa hicho bila malipo.

Taa ya eabegi haiwaki kwa kasoro hii, na mkaguzi haioni kwa macho kwa sababu kopo limefichwa ndani ya dashibodi. Tena uharibifu haurudi nyuma: gari lililokaa miaka kwenye joto la Tanga haliponi kwa kupelekwa kwenye baridi ya Lushoto.

Kwa magari yaliyoagizwa

Japani barua ya wito hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa. Gari likiuzwa nje hufutwa kwenye daftari, na barua haimfuati mnunuzi wa Mlola. Kurasa nyingi za kuhakiki hudai namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17, lakini gari la soko la Japani lina namba fupi, kwa mfano inayoanza na GDA (WRX) au GDB (STI). Hiyo huhakikiwa kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni. Ni vyema wakala aulizwe kabla gari halijapakiwa melini, maana kule kifaa bado kinaweza kubadilishwa.

Kasoro zisizo na wito

Injini za EJ25 zisizo na tabo zina sifa mbaya ya kuvujisha gasketi ya silinda hedi. Hapa gharama ni ya mwenye gari. Mlima wa Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 hivi, hufichua haraka gari linalopoteza maji ya rejeta.