Safari na Kujitambua: Nani Anayesimulia?

Jina la mtaa wetu wa Hai Jalaba linatokana na jalaba, yaani wafanyabiashara wasafiri kutoka kaskazini mwa Sudani. Ng'ambo ya mto kuna Gondokoro, ambako Februari 1863 wapelelezi Speke na Grant, walioanza safari yao Unguja mwaka 1860, walikutana na Samuel Baker. Makala haya yanaeleza namna fasihi ya safari za aina hiyo inavyolishughulikia suala la kujitambua.

Katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863, msimulizi ni mmoja, na "uvumbuzi" ni wake. Lakini Sidi Mubarak Bombay alitembea njia ileile. Huyu alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akaishi India, kisha akarudi Afrika akiwa huru. Safari yake ya maisha ni ndefu kuliko ya Speke, ila hakuacha kitabu. Tunamfahamu kupitia kalamu ya waajiri wake.

Maandishi ya Waswahili wenyewe yanageuza mtazamo. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Carl Velten uliochapishwa mwaka 1901, Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia pamoja na bwana wake Mjerumani. Hapa Mwafrika ndiye anayetazama na kulinganisha. Na kila anapoeleza ya wenzake, anajieleza na yeye.

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022), inakwenda mbali zaidi. Kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anafuata msafara wa tajiri Aziz hadi bara. Safari inamfumbua macho: anatambua kuwa hayuko huru.

Darasani, basi, tuulize maswali matatu: nani anasimulia? Nani amebeba mizigo? Nani amebadilika?

Wanafunzi wetu wengi walijifunza Kiswahili wakiwa ukimbizini Kenya na Uganda. Nao ni wasafiri. Tuwape nafasi ya kuandika safari zao kwa Kiswahili, wasije wakasimuliwa na wengine kama alivyosimuliwa Bombay.