Lalamiko la Hiace huishia kwa fundi

Kiti cha mbele cha Hiace, kile cha kati, humfundisha abiria somo ambalo hakuliomba. Gari halijatoka stendi, joto limeshapenya kitambaa. Kufikia kituo cha tatu anajua kuwa injini haiko mbele yake, iko chini yake. Akiinua macho, kati ya magoti yake na lori linalokuja hakuna boneti. Kuna dashibodi, bati na kioo.

Umbo hilo halikubuniwa kwa ajili yetu. Japani huainisha magari kwa ukubwa, na gari la mizigo la daraja dogo halitakiwi kuzidi mita 4.7 kwa urefu na mita 1.7 kwa upana. Hiace ya kawaida ya toleo lililoanza 2004 ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695. Wahandisi waliacha milimita tano tu kila upande wa hesabu. Ili fundi bomba wa Osaka apate nafasi ya mabomba na ngazi zake bila kupanda daraja la kodi, pua ya gari iliondolewa na injini ikasukumwa chini ya viti. Toleo lililofuata, la 2019, lina pua, na lilipata nyota tano katika majaribio ya ajali ya ANCAP huko Australia. Hilo huku kwetu hununuliwa jipya na serikali, hospitali na mashirika. Daladala na matatu huchukua lile la 2004, kwa sababu ndilo Japani inaloendelea kulitumia, na ndilo inalotuuzia likishachoka.

Sisemi hivyo kwa kulidharau. Tangu Toyota ilipolitoa mara ya kwanza mwaka 1967, gari hili limejenga nyumba, limesomesha watoto na limewaingiza katika biashara watu ambao benki isingewatazama mara mbili. Spea zake zimejaa Gerezani, Dar es Salaam, kama zilivyojaa Kirinyaga Road, Nairobi. Hakuna mji mdogo usio na fundi anayeweza kulifungua gizani. Ukilichoka, mnunuzi yupo kabla hujamaliza kulitangaza. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji wa gari moja, hiyo ni bima kuliko bima yenyewe.

Tatizo huanza na kile gari lilichozaliwa kuwa. Hiace nyingi zinazobeba watu Afrika zilitoka kiwandani zikiwa za mizigo: sakafu tupu nyuma, watu wawili au watatu mbele, na uwezo wa kubeba kilo 1,000 au zaidi kidogo. Zikifika, fundi wa kuchomelea hufunga viti, na pasipokuwa na vioo ubavuni hukata bati na kuviweka. Leseni inasema abiria 14. Piga hesabu ya saa kumi na moja jioni: watu 20, kila mmoja kilo 65, ni kilo 1,300, bado hujaweka uzito wa vyuma vya viti, gunia la mkaa na ndoo za samaki. Uzito wenyewe si hoja kubwa kuliko pale ulipoegemezwa. Kiti kilichofungwa kwenye bati lililokusudiwa kubeba maboksi hung'oka pale gari linaposimama ghafla kwenye kitu kigumu, na mkanda wa kiti huondoka pamoja nacho.

Afrika Kusini waliupitia mkasa huu hadharani. Huko Hiace iliuzwa kwa jina la Quantum, na baada ya serikali kuanzisha mwaka 2006 mpango wa kuondoa teksi chakavu, wajanja waliona van ya mizigo ni rahisi kuliko ile ya abiria iliyotoka kiwandani. Wakaibadilisha, ikasajiliwa, ikakopeshewa. Aliyepiga yowe alikuwa mfanyakazi wa benki, mtu wa ndani ya taasisi zilizokuwa zikitoa mikopo ya kununulia magari hayo. Suala lilifika kwa Mlinzi wa Umma wa nchi hiyo, ambaye alizilaumu mamlaka kwa kuyaacha barabarani. Kwa wasomaji wa kurasa hizi funzo ni la kibenki: mkopo ulikuwa umeegemezwa kwenye dhamana ambayo kisheria haikupaswa kubeba abiria hata mmoja.

Turudi kwetu, kwenye hesabu. Neno hilo katika biashara ya daladala lina maana yake: ni fedha ambayo dereva lazima amkabidhi tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni, mvua inyeshe au jua liwake. Kinachozidi ndicho mafuta, konda, faini, chakula na mshahara wa dereva mwenyewe. Chini ya mkataba huo, siku moja gereji ni siku moja bila hesabu. Pedi za breki zikibaki nyembamba kama kucha, hazipimwi kwa milimita, zinapimwa kwa siku: je, zitafika Jumapili? Na usukani ukishikwa na deiwaka, yule anayepewa gari kwa saa chache dereva mwenyewe akapumzike, hajui kanyagio la breki lilikuwa juu kiasi gani jana. Analipokea lilivyo, analirudisha lilivyo.

Kuhusu breki, kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalijua na wamiliki wachache wamewahi kuambiwa. Hiace nyingi, hasa za zamani, zina kifaa kidogo nyuma kilichounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mwili wa gari umeshuka kiasi gani kutokana na mzigo. Ukishuka sana, kifaa huruhusu msukumo mkubwa wa mafuta kwenda breki za nyuma. Gari likiwa tupu na limeinuka, kinaupunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari likateleza. Sasa tajiri anayetaka gari lisilale kwa abiria 20 humwambia fundi aongeze jani la springi. Gari husimama wima hata likiwa limejaa. Kifaa kinaliona limeinuka, kinadhani ni tupu, na kinazinyima breki za nyuma nguvu wakati zinapohitajika zaidi. Za mbele zinafanya kazi peke yao, zinapata moto, na mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa tangu gari litoke bandarini yameshanyonya unyevu na huchemka mapema. Dereva anakanyaga, mguu unazama mpaka sakafuni. Kwenye mteremko wa Kitonga au Sekenke hakuna nafasi ya kukanyaga mara ya pili.

Hapo hakuna kipuri kilichovunjika. Kila kitu kimefanya kazi kama kilivyoagizwa, ila kimeagizwa kazi mbaya. Ndiyo maana taarifa ya ajali inapoandika "breki zilifeli" huwa haijaandika kitu. Julai 2022, Hiace iliyokuwa imebeba wanafunzi Mtwara ilitumbukia korongoni na kuua zaidi ya watu 10, wengi wao watoto. Maelezo ya kwanza ya viongozi yalitaja breki. Breki gani? Ya mbele au ya nyuma, bomba au pedi, mafuta au springi iliyoongezwa? Majibu ya maswali hayo, kama yapo, hayajawahi kumfikia mwenye Hiace wa mkoa mwingine aliyeamka siku iliyofuata na gari la aina ileile.

Tairi lina kisa chake, kifupi. Van hii hutoka kiwandani na matairi ya gari la mizigo yenye namba ya mzigo 107, maana yake kila tairi likifungwa peke yake hubeba hadi kilo 975. Tairi la gari dogo lenye namba 91 hubeba kilo 615. Kwa macho yanafanana, kwa bei hayafanani, na kwenye rundo la mitumba anayeuliza namba huonekana msumbufu.

Halafu injini ya dizeli ya lita 3.0, ile ya gari ambalo chesisi yake inaanza na KDH. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Ikichoka, moshi wa mwako hupenya na kuingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, na lami inaziba chujio la kunyonyea chini kabisa ya injini. Taa ya oili inawaka injini ikiwa imeshakwisha. Kasoro hii inajulikana duniani, na dawa yake ni kubadilisha washa mapema, kazi ya siku moja. Wangapi hapa wamenunua injini nyingine kwa sababu hakuna aliyewaambia habari ya washa? Jumla hiyo ingeweza kupatikana kwa wauza injini za Japani, kama kungekuwa na mtu wa kuwauliza.

Fuata safari ya lalamiko. Abiria husikia mlio, anamwambia konda. Konda anamwambia dereva, au anamwambia abiria ashuke apande nyingine. Dereva anamwambia tajiri kwa simu, tajiri anamwambia aende kwa fundi. Fundi anamlaumu muuza spea kwa kuuza feki, muuza spea anamlaumu aliyemletea, na hapo lalamiko linakauka. Hakuna mahali lilipoandikwa. Fundi mmoja kwa miaka kumi ameona kipuri kilekile kikifa kwa namna ileile mara mia, na maarifa hayo yote yako kichwani mwake na mikononi mwake tu.

Kwingine lalamiko lina pa kufikia. Marekani, mwenye gari huandikia NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabara kuu, akitaja namba ya gari na kilichotokea. Malalamiko yakifanana, uchunguzi hufunguliwa. Juni 2017 Ford iliyarudisha gereji magari zaidi ya 400,000 aina ya Transit huko Amerika Kaskazini kwa sababu kiungo cha mpira kwenye shafti kilikuwa kikipasuka. Shafti ikiachia inaweza kukata mabomba ya breki na ya mafuta. Transit ni van za wafanyabiashara kama zetu, zinazobeba vifurushi, mafundi na wazee wa kanisa. Hata mtengenezaji wa injini za Hiace hakusalimika na karatasi: Januari 2024 kampuni ya Toyota Industries ilikiri dosari katika upimaji wa nguvu za injini zake za dizeli, na Hiace ilikuwa miongoni mwa magari yaliyosimamishiwa usafirishaji kwa muda. Dosari hiyo haikuwa ya usalama, lakini ilijulikana kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu za kuchunguza.

Kichekesho kichungu ni kwamba gari letu lilishaishi chini ya nidhamu hiyo. Japani gari la mizigo la daraja hili hukaguliwa likitimiza miaka miwili, kisha kila mwaka. Likiwa na kasoro ya kiwandani, barua humfikia mmiliki aliyesajiliwa. Siku linapopakiwa melini barua zinaendelea kwenda Japani. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka minane, Tanzania huyaruhusu na kuyatoza zaidi kadiri yanavyozeeka. Nchi zote mbili huuliza umri. Hakuna inayomuuliza mnunuzi wa kawaida kama gari lake liliwahi kuitwa gereji na halikwenda.

Sheria tunazo, na nyingine zilitikisa nchi. Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, matatu za Kenya zilifungwa mikanda, spidi gavana za kilomita 80 kwa saa, zikachorwa mstari wa manjano, na madereva wakavaa sare. Abiria walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini tazama orodha hiyo tena: karibu kila kitu ni kitu ambacho askari anaweza kukiona akiwa amesimama kando ya barabara. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye vioo vya Tanzania nayo ni hivyohivyo. Kinachoua kiko chini ya gari, na kwenda chini ya gari kunahitaji shimo, taa na fundi anayelipwa na mtu asiye mwenye gari. Baadaye Kenya iliwataka wamiliki wajiunge katika sacco zenye magari yasiyopungua 30. Ilikuwa nafasi nzuri ya kuwa na gereji ya pamoja na daftari la pamoja. Sacco nyingi zimebaki kupanga foleni stendi.

Sidai kila njia ipelekewe magari mapya ya 2019. Nauli haitayalipa, na anayesema yatalipwa hajawahi kukusanya hesabu. Ninachodai ni cha bei ya karatasi. Gari linapoanguka ukaguzi, mamlaka za usafiri, LATRA ya Tanzania na NTSA ya Kenya, ziandike kilichoangusha, kwa aina ya gari na toleo, na ziitangaze orodha hiyo kila mwaka ili fundi wa Sumbawanga na wa Bungoma waisome. Gari lililoua watu lifunguliwe kabla halijauzwa chuma chakavu. Benki na vikoba vinavyokopesha vidai cheti cha viti na mikanda kabla ya kutoa fedha, maana dhamana ni yao.

Na wewe mwenye Hiace, usisubiri mamlaka. Chukua kadi ya gari, nakili namba ya chesisi, na mwombe aliyekuuzia akusaidie kuiingiza kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa magari yaliyoitwa gereji. Umeandikwa kwa Kijapani, lakini unapokea namba hata kama gari lenyewe liko Tandika, na haulipishi.