Gari la Haibridi: Mbona Linakula Mafuta Kuliko Tulivyoambiwa?

Katika baraza za misikiti yetu hapa Dar es Salaam, mazungumzo ya baada ya swala hayakosi kugusa bei ya petroli. Baba aliyedunduliza akiba yake hata akanunua gari la haibridi lililotumika Japani huja na lalama moja: “Niliambiwa halili mafuta, mbona naona linakula?” Swali hili si dogo. Fedha iendayo kituo cha mafuta ndiyo ile ile iliyokusudiwa ada ya madrasa na chakula cha watoto. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili, familia nzima ilifahamu.

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Dereva akanyagapo breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea kama joto hurudishwa kwenye betri. Gari lisimamapo, injini huzimika. Ndiyo maana foleni ya Kariakoo, inayolitesa gari la kawaida, hulifaa haibridi. Kinyume chake, katika safari ndefu ya kuelekea Morogoro breki hukanyagwa kwa nadra, injini hufanya kazi karibu muda wote, na faida hupungua. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne.

Tuziangalie pia tarakimu za matangazo. Toyota Aqua ilipotoka mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo cha Japani kiitwacho JC08. Kipimo hicho hufanyika maabara, si katika barabara yenye mashimo, jua kali na gari lililojaa watoto na mizigo. Asiyeifikia tarakimu hiyo asidhani mara moja kwamba ametapeliwa.

Hata hivyo, zipo sababu tunazoweza kuzirekebisha. Safari fupi fupi za shule na sokoni huifanya injini iwake ili ipate joto, kisha huzimwa kabla ya kulifaidi. Tairi zilizopungua upepo hulifanya gari liwe zito. Kiyoyozi hutumia umeme wa betri, hivyo kumsubiri mtu ndani ya gari kikiwa kimewashwa huilazimisha injini iwake mara kwa mara kuichaji.

Jambo linalosahaulika zaidi ni betri kubwa yenyewe. Katika Prius na Aqua hupozwa kwa feni ivutayo hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na mabegi, au chujio lake likijaa vumbi, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Kina mama na watoto waketio nyuma wajue mahali lilipo.

Kabla ya kulaumu, tupime. Jaza tangi, andika kilomita, tumia gari kama kawaida, kisha ulijaze tena. Ukiwa umekwenda kilomita 400 na tangi limepokea lita 20, gari linakwenda kilomita 20 kwa lita. Rudia kila mwezi. Tarakimu ikishuka ghafla bila mabadiliko ya safari, mwone fundi anayezifahamu haibridi.

Neno la mwisho ni kwa wauzaji. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake, alimkemea mwenyewe kwa kuuficha. Betri iliyochoka, ikafichwa taa yake ya hatari ili gari liuzwe, ina tofauti gani na nafaka ile? Atajaye aibu ya bidhaa yake huenda akapunguza bei, lakini baraka haitapungua.

Mwenyezi Mungu atuepushe na israfu, na azijaalie riziki zetu kuwa za halali. Amin.