Istilahi za Mtandao Usio na Waya: Dhana Moja, Majina Mawili

Mtandao wa kompyuta uliounganishwa kwa waya waweza kuongezewa tawi linalotumia mawimbi ya redio. Aghalabu tawi hilo halijitegemei. Kazi yake ni kuufikisha mtandao mahali ambapo waya haufiki au haufai. Makala hii imekusudiwa kueleza jinsi vyombo vya usanifishaji vya Marekani, Ulaya na Japani vilivyoshirikiana katika jambo hili, na funzo linalopatikana humo kwa wafasiri wetu.

1. Ushirikiano wenyewe

Taasisi ya IEEE ya Marekani iliunda kamati yake ya 802 mwaka 1980, kwa ajili ya mitandao ya eneo dogo. Kiwango chake cha kwanza cha tawi la redio, yaani 802.11, kilitolewa mwaka 1997. Huko Ulaya, taasisi ya ETSI, yenye makao yake Ufaransa, ilitayarisha kiwango cha HIPERLAN/2, kilichotolewa mwaka 2000. Na Japani lilikuwako baraza la MMAC. Wote watatu walilenga masafa ya gigahezi 5.

Lau kila chombo kingeshika njia yake, watengenezaji wangelazimika kuunda redio ya namna mbalimbali kwa kila soko. Kwa hiyo walishauriana hata sehemu ya redio ikakaribia kuwa moja. Kiwango cha 802.11a cha mwaka 1999 na kile cha HIPERLAN/2 vyote hutumia mawimbi madogo 52, yaani 48 ya kubeba habari na 4 ya kuongoza, kwa kasi inayofikia biti milioni 54 kwa sekunde.

Mapatano hayo hayakuvuka sehemu ya redio. Katika 802.11, kifaa husikiliza kwanza, na kikiona kimya ndipo hutuma habari zake. Katika HIPERLAN/2, chombo cha kati ndicho kilichogawa zamu. Hivyo vifaa vya aina hizo mbili havikuweza kusemezana, ijapokuwa mawimbi yao yalifanana. Hatimaye 802.11 ndiyo iliyoenea.

2. Tatizo la majina

Kifaa anachokichukua mtumiaji, IEEE hukiita kwa neno la Kiingereza ambalo kamusi hulifasiri kuwa "kituo". ETSI ilikiita kwa maneno yenye maana ya "kikomo kinachohama". Mfasiri akifuata maneno, atawapa wasomaji vitu viwili mahali penye kimoja.

Tena, kituo kwa Mswahili ni mahali pa kutua: kituo cha basi, kituo cha polisi. Simu iliyo mfukoni mwa mtu anayetembea haitui. Ofisa ugavi akisoma katika hati ya zabuni kwamba panahitajika "vituo 40", huenda akaagiza mitambo 40 ya kufungwa ukutani, kumbe kilichokusudiwa ni uwezo wa kuhudumia simu na kompyuta 40. Kosa la istilahi hapo hulipwa kwa fedha za umma.

3. Mapendekezo

(a) Tawi lisilo na waya: sehemu ya mtandao inayotumia redio na kuungana na mtandao wa waya.

(b) Kituo cha kuunganishia: chombo kinachopokea mawimbi ya watumiaji na kuyaunganisha na waya. Neno "kituo" linastahili hapa, kwa kuwa kwa kawaida chombo hiki hufungwa mahali pamoja. "Kiingilio" tumeliepuka, maana limezoeleka kuwa ada ya mlangoni.

(c) Kifaa shiriki: simu, kompyuta au chombo kingine cha mtumiaji kinachojiunga na tawi hilo.

Hapana budi kutahadhari. Neno la IEEE ni pana kuliko lile la ETSI, kwani hujumlisha hata kituo cha kuunganishia, nacho kikiwa kinafuata kanuni zilezile za redio. Basi mfasiri asome fasili kabla ya kuchagua kati ya (b) na (c). Panapokusudiwa vyote viwili, aseme hivyo waziwazi.

Wahandisi wa pande tatu walipatana kwa kutazama kazi ya mitambo yao, si majina yake. Nasi katika kuunda istilahi hatuna budi kuanza na dhana, ndipo tutafute neno. Walimu na mafundi wanaotumia maneno mengine kwa dhana hizi wanaombwa kutuletea, ili yapimwe pamoja na haya kabla ya kusanifishwa.