Kwa nini chembe 300 tu zinaishinda kompyuta kubwa kuliko zote duniani?

Chukua gari moja. Fundi mzuri atakueleza kila kitu chake: injini, breki, hata mafuta linayokula. Sasa muulize, foleni ya asubuhi inatoka wapi? Hapo atakwama. Foleni haimo ndani ya gari lolote. Inazaliwa pale magari yanapokuwa mengi na kila dereva anamtazama wa mbele yake.

Wanafizikia nao wana foleni yao. Wanaiita tatizo la chembe nyingi, na limewasumbua kwa karibu miaka 100. Elektroni moja wanaijua vizuri sana. Shida ni pale zinapokuwa nyingi, kila moja ikiisukuma nyingine.

Mwaka 1972 mwanafizikia Mmarekani Philip Anderson aliliweka wazi jambo hili: vitu vikiwa vingi huja na tabia mpya, ambazo huwezi kuzibashiri kwa kukitazama kimoja peke yake.

Ugumu uko wapi?

Uko kwenye hesabu. Tuseme kila chembe ni sumaku ndogo inayoweza kuelekea juu au chini. Chembe 1 ina hali 2. Chembe 2 zina hali 4. Chembe 10 zina 1,024. Kila ukiongeza moja, hesabu inajizidisha mara mbili.

Zikifika 300, unapata namba yenye tarakimu 91. Atomu zote za ulimwengu tunaouona hukadiriwa kwa namba yenye tarakimu 81 hivi. Na katika fizikia ya chembe hizi huruhusiwi kuchagua hali moja ukaacha nyingine. Zote zinaweza kuwemo kwa pamoja.

Kwa hiyo hata ukinunua kompyuta kubwa zaidi, haitoshi. Inabidi utafute njia ya mkato.

Njia moja, nyumba nyingi

Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi karibu nyuzi -269 za Selsiasi. Ghafla ikaacha kabisa kuupinga umeme. Vitu vya namna hii huitwa supakondakta. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina sumaku za aina hii, ndiyo maana hupozwa kwa heliamu ya kimiminika.

Maelezo yalikuja miaka 46 baadaye. Mwaka 1957 John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walionyesha kwamba kwenye baridi kali elektroni hutembea mbili mbili, na jozi hizo hupita bila kukwama.

Kumbe siri hiyo haikuwa ya waya peke yake. Mwaka uliofuata, Aage Bohr, Ben Mottelson na David Pines walitumia wazo hilohilo kwenye kiini cha atomu, ambako protoni na nyutroni nazo hujipanga kwa jozi. Baadaye likafika hadi kwenye nyota za nyutroni, mabaki mazito ya nyota zilizolipuka.

Kuna njia nyingine iliyosafiri hivyo hivyo. Fritz Coester na Hermann Kümmel waliibuni kwa ajili ya kiini cha atomu. Mwaka 1966 Jiří Čížek akaipeleka kwenye kemia, ikawa chombo cha kutegemewa cha kukokotoa molekuli. Kisha ikarudi nyumbani ikiwa imenolewa.

Mwaka 2022 timu ya kimataifa iliitumia, pamoja na njia nyingine, kwenye kiini cha metali ya risasi chenye protoni 82 na nyutroni 126. Walianza na nguvu zilizopo kati ya chembe zenyewe, wakapima namna bilioni 1 za kuzieleza, wakabaki na 34 zinazokubalika. Matokeo yakawapa unene wa ngozi ya nyutroni inayokizunguka kiini hicho. Kipimo hicho kidogo mno husaidia kukadiria ukubwa wa nyota ya nyutroni.

Akili mnemba yaingia

Mwaka 2017 Giuseppe Carleo na Matthias Troyer walijaribu mkato mwingine: waliuachia mtandao wa neva bandia uieleze hali ya chembe nyingi. Mtandao hauhifadhi hali zote moja moja. Unajifunza mpangilio wake, kisha unakadiria. Tangu hapo wengine wameupeleka kwenye molekuli na kwenye viini vyepesi vya atomu.

Ila tatizo lenyewe bado lipo. Hayo ni makadirio, na kila jibu lazima lipimwe maabara.

Wewe yakuhusu nini?

Waya za kawaida hupoteza sehemu ya umeme njiani kama joto. Supakondakta isiyohitaji baridi ingeondoa hasara hiyo. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller waligundua aina inayofanya kazi kwenye baridi nafuu zaidi, na mwaka uliofuata ikapatikana inayofanya kazi kwenye nyuzi -180 hivi. Hadi leo wataalamu hawajakubaliana kwa nini inafanya hivyo. Na bila kujua kwa nini, kutafuta iliyo bora ni kupapasa gizani.

Ndiyo maana Julai 2023, watafiti wa Korea Kusini waliposema LK-99 ni supakondakta kwenye joto la kawaida, mitandao ilipagawa. Hakukuwa na hesabu iliyoweza kumaliza ubishi. Maabara mbalimbali zililipika upya, zikapima, na ndani ya wiki chache ikaonekana si supakondakta.

Ukisikia tena habari kama hiyo, usikimbilie kushea. Uliza kwanza: je, maabara nyingine imerudia kipimo ikapata jibu lilelile?