Jinsi Mtoto Ajifunzavyo "Sisi" na "Wao"

Waalimu wengi hudhani ya kuwa mtoto wa miaka minne hajui habari za kabila wala rangi. Basi husema mbele yake lo lote wapendalo. Dhana hiyo si sahihi.

Wataalamu wamewaonyesha watoto wachanga picha za nyuso, wakapima muda wanaozitazama. Mtoto aliyezaliwa juzi hapendelei uso wo wote. Lakini afikapo miezi mitatu huzitazama zaidi nyuso za rangi aliyoizoea. Walakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wa asili ya Uhabeshi waliolelewa Israeli, wakiona watu wa rangi mbili, hawakupendelea upande wo wote. Basi hayo ni mazoea ya macho, wala si chuki ya moyo.

Dharau huingia baadaye. Mwaka 1947 Bwana Kenneth Clark na mkewe Mamie walitangaza habari za watoto weusi 253 wa Marekani, wenye miaka mitatu hata saba. Walionyeshwa wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Watoto 66 katika kila mia walimtambua mweusi kuwa ndiye afananaye nao. Hata hivyo 67 katika mia walimtaka mweupe wa kucheza naye, na 59 katika mia walisema kuwa mweusi ndiye mwenye sura mbaya. Hapo ndipo penye huzuni: mtoto alilijua kundi lake, naye alikwisha kujifunza kulidharau. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza kutenga shule kwa rangi, kazi ya Bwana Clark ilitajwa katika hukumu.

Kwetu nako tuitazame lugha. Neno "mshenzi" zamani watu wa pwani waliwaitia watu wa bara. Sasa ni tusi tu. Mama asemapo, "Usile kama mshenzi," hudhani amefundisha adabu ya kula. Kumbe amemfundisha mtoto ya kuwa wako watu wa namna hiyo, naye atawatafuta walipo. Mimi mwenyewe nalimkemea mwanafunzi kwa neno hilo, na siku ya pili nikasikia wenzake wakimwita hivyo mtoto mgeni ambaye hakukosa neno. Naliona haya.

Lakini mbona utani haudhuru? Mnyamwezi na Mzaramo hutukanana mbele ya watoto. Ila msiba ukitokea, mtani huja kusaidia mazishi. Mtoto husikia tusi, lakini huona tendo, naye hujua kwamba tusi lile ni la mchezo. Neno la dharau lisilo na tendo la wema baada yake ndilo sumu.

Basi, waalimu wenzangu, tusinyamaze tusikiapo neno hilo darasani, maana kimya chetu huwa ni idhini. Tumwulize mtoto amemwona nani akitenda hivyo. Tena tuwakalishe pamoja watoto wa makabila mbalimbali, wafanye kazi moja. Samaki mkunje angali mbichi.