Kosa la Mtoto na Desturi ya Mtaa

Uamiliaji wa lugha, yaani namna mtoto anavyoipata lugha kwa kuisikia na kuitumia bila kufundishwa, na isimujamii, yaani uchunguzi wa jinsi lugha inavyotofautiana kulingana na umri, jinsia, kazi na asili ya wasemaji wake, kwa kawaida husomeshwa vyuoni kama taaluma mbili, kila moja ikiwa na walimu wake na vitabu vyake. Katika mtaa kama Magongo, ulioko Changamwe magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, utengano huo haufai, kwa sababu mtafiti anayemsikia mtoto akisema "kitabu yangu" mahali pa "kitabu changu" hajui hasa amesikia nini mpaka ajue mtoto huyo ana umri gani, analelewa na nani na, zaidi ya yote, anacheza na nani.

Kiswahili huzipanga nomino katika ngeli, ambazo ni makundi yanayoamua viambishi vya maneno yote yanayoandamana na nomino, na ulinganifu huo, kama unaosikika katika "kitabu changu kimoja kimepotea", ndio huitwa upatanisho wa kisarufi. Mtoto haupati mfumo huu kwa siku moja, wala haukosei ovyo. Kamil Ud Deen, ambaye kitabu chake cha 2005 kilitokana na mazungumzo ya watoto wadogo wa Nairobi aliowarekodi, alionyesha kwamba watoto hao mara nyingi hukiacha kiambishi cha nafsi mwanzoni mwa kitenzi, lakini pia kwamba watu wazima wa jiji hilo nao hukiacha wakati mwingine. Jambo hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani "taenda" ya mtoto haiwezi kuhukumiwa kabla ya kuisikiliza "taenda" ya mama yake.

Changamwe ina wenyeji wake na lahaja yake. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa ya Waswahili wa Mombasa, na Kichangamwe huhesabiwa katika kundi moja na Kimvita, ambamo njia ni "ndia", macho ni "mato" na mchele ni "mtele". Ujenzi wa reli ulioanza 1896, kupanuka kwa bandari ya Kilindini, na baadaye kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi Changamwe 1963, viliwaleta wafanyakazi kutoka Ukambani, Taita, Nyanza na kwingineko bara, wakaishi pamoja na Wamijikenda na wenyeji katika nyumba za vyumba vya kupanga, ambako familia za lugha mbalimbali hutumia ukumbi mmoja, bomba moja na ua mmoja. Watu wazima hao walikuja na Kiswahili walichojifunza ukubwani, na wengi wao walikipunguzia ngeli: viumbe wenye uhai wakabaki na "a-" na "wa-", na karibu vitu vyote vingine vikaangukia upatanisho wa "i-" na "zi-". Huo si uzembe. Ni kanuni, tena kanuni inayofanana nayo hufuatwa pia mbali sana na Mombasa, kwa mfano katika Kiswahili cha Lubumbashi.

Kwa hiyo "kitabu yangu" inaweza kuwa vitu viwili tofauti. Kinywani mwa mtoto wa miaka miwili wa nyumba ya Kichangamwe ni hatua ya makuzi, ambayo ataivuka bila kurekebishwa na mtu. Kinywani mwa kijana wa miaka kumi na miwili wa mtaa uleule ni lugha aliyokwisha kuimiliki, na hatoivuka kwa kuwa hakuna pa kuvukia. Njia ya kuzitenganisha ilibuniwa na Jean Berko, aliyewaonyesha watoto wa Marekani, katika utafiti uliochapishwa 1958, picha za viumbe wenye majina ya kubuni, akawataka waseme wingi wa majina hayo. Mtoto wa Magongo akionyeshwa kitu kinachoitwa "kibwesa", kisha akaonyeshwa viwili, anaweza kusema "vibwesa viwili" au "vibwesa mbili", na kwa kuwa neno hilo hajapata kulisikia popote, jibu lake hutoka katika kanuni aliyo nayo kichwani, si katika kumbukumbu.

Ni nani humpa kanuni hiyo? Wazazi wengi hudhani ni wao. Paul Kerswill na Ann Williams waliichunguza Milton Keynes, mji mpya wa Uingereza uliojaa wahamiaji kutoka sehemu nyingine za nchi hiyo, wakakuta kwamba watoto wa miaka minne walitamka kama walezi wao, ilhali wa miaka minane na kumi na miwili walizidi kufanana wao kwa wao. Magongo si Milton Keynes, kwani huku lugha zinazokutana ni nyingi na hazihusiani zote, lakini ukumbi wa nyumba ya kupanga ni mahali pazuri mno pa kulipima jambo hilo, alimradi mtafiti akumbuke onyo la William Labov kwamba msemaji anayejua anasikilizwa hubadilisha usemi wake. Mtoto yuleyule atamwambia mwalimu "kitabu changu", kisha aende uwanjani aseme "yangu", tena bila kigugumizi.

Mkutano wa 1928 ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa yenyewe, na tangu hapo mtoto wa Kichangamwe anayeandika "mato" na mtoto wa mhamiaji anayeandika "kitabu yangu" wamekuwa wakipigwa alama ileile ya kosa. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, isimujamii imepewa alama 10. Matumizi ya lugha, ambamo "mato" na "kitabu yangu" hazina nafasi, yamepewa 40.